Mtihani wa uwezo kwenye kuajiri: unasaidia au ni kuchezea hela?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni mama mfanyabiashara, nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza na tawi moja Geita. Nataka kuajiri watu 7, watunza stoo watatu, makeshia wawili na wawili wa mauzo. Nimetangaza yamekuja maombi 214 mpaka nimeogopa. Kuna kijana mshauri kanipa ofa ya mtihani wa uwezo, maswali 60 dakika 30, wa Kiingereza, unafanyika kwenye kompyuta, anasema unatumika dunia nzima na nichukue saba wa juu basi nisihangaike na kitu kingine. Tatizo mwaka jana tuliutumia huo huo tukachukua wanne wa juu, mmoja yuko vizuri sana, mmoja wa kawaida tu, mmoja kaondoka kabla ya miezi mitatu, na mmoja kaniibia. Halafu kwa kujaribu tu nikampa mtunza stoo wangu wa siku nyingi, mzee wa la saba, kapata 14. Na huyo mzee ndo stoo yangu yote, hajawahi kunipotezea hata mfuko mmoja. Sasa huu mtihani una maana gani? Na mshauri anasema waliopata maksi za juu kabisa wataboreka waondoke, kwahiyo labda niwaruke? Mume wangu yeye anasema niachane na yote niite watu niongee nao, mtu ukimwona unamjua. Naomba msaada."*

Dada, asante kwa swali na asante zaidi kwa kuweka namba, watu wengi wananiandikia "mtihani wa uwezo unafaa?" halafu hawasemi kazi gani, watu wangapi, lugha gani, na bila hivyo hamna jibu. Nikikusoma vizuri una maswali mawili yamebanana pamoja. La kwanza, je mtihani wa uwezo, yaani ule wa kupima akili kwa mafumbo ya maneno, hesabu na maumbo, unaweza kukuonyesha nani atafanya kazi vizuri? Ndiyo, kwa kiasi, na kiasi chenyewe nitakuambia hapa chini bila kukupamba. La pili, je huu unaouziwa ndo wenyewe? Kwa jinsi ulivyoeleza, hapana. Na ya shemeji nitayajibu pia, anisamehe mapema.

Tuanze na wale wanne wa mwaka jana maana naona ndo waliokuvunja moyo. Mmoja mzuri, mmoja kawaida, mmoja kaondoka, mmoja mwizi, ukiangalia hivyo unasema mtihani ni bure. Lakini angalia ulichokiona na ambacho hukukiona. Hao wanne wote walikuwa juu kabisa, tofauti ya maksi kati yao lazima ilikuwa ndogo, yaani uliwaajiri watu wanaofanana kwenye kitu hicho kimoja halafu ukashangaa kwamba kitu hicho hakiwatofautishi. Wale waliopata 15 au 20 hukuwaajiri, kwahiyo hujui wangefanyaje. Ili ujue kama mtihani unatabiri kitu ungetakiwa uajiri wa juu na wa chini na wa katikati uone mwisho wa mwaka nani yuko wapi, jambo ambalo hakuna mwenye duka mwenye akili zake atafanya kwa hela yake. Na hata hivyo watu wanne ni wachache mno, wanne unaweza kupata wema wote kwa bahati au wabaya wote kwa bahati. Kwahiyo matokeo ya mwaka jana hayathibitishi kwamba mtihani ni mbovu, na wala hayathibitishi kwamba ni mzuri.

Sasa je, waliofuatilia watu wengi kwa miaka mingi waliona nini? Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Schmidt na Hunter, walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakaweka kila njia kwenye kipimo cha 0 mpaka 1, ambapo 0 ni kubahatisha na 1 ni kujua kila kitu kabla hakijatokea. Mtihani wa uwezo wa akili kwa ujumla ukapata 0.51, na kwa miaka zaidi ya ishirini hiyo namba ndo imekuwa ikiuzwa na kila anayeuza mitihani, nadhani hata huyo kijana wako anayo kwenye slaidi zake. Mwaka 2022 Sackett na wenzake wakarudia hesabu. Wakakuta wale wa zamani, katika kujaribu kurekebisha lile tatizo nililokueleza hapo juu la kutowaona waliokataliwa, walirekebisha kupita kiasi wakaipandisha namba. Hesabu mpya ikaushusha mtihani wa uwezo mpaka 0.31. Bado ni kitu, ila sio mfalme tena.

Hiyo 0.31 kwa lugha ya dukani ni hivi. Chukua waombaji wawili bila kuchagua, mmoja kapata maksi za juu kuliko mwenzake. Ukisema "huyu wa juu ndo atakuwa mfanyakazi bora", utakuwa sahihi kama mara 60 katika 100. Kurusha shilingi kungekupa 50. Umeongeza kumi, basi. Ukiisikia hivyo unaona ndogo, na mtu mmoja mmoja kweli ni ndogo, ndo maana mtu wa 52 anaweza kukuibia na mtu wa 30 akakuokolea biashara. Na kama tofauti yenyewe ni ya maksi mbili tatu hata hiyo 60 huipati, mtu yule yule ukimpa mtihani kesho asubuhi ameshiba na amelala vizuri anaweza kupanda au kushuka zaidi ya hapo.

Ila usiidharau, kwasababu wewe una maombi 214 kwa nafasi 7. Hapa ndo mtihani unapopata kazi yake. Tangu 1939 kuna majedwali yalitengenezwa na Taylor na Russell yanayoonyesha kwamba faida ya mtihani haitegemei mtihani peke yake, inategemea una watu wangapi wa kuchagua. Tuseme ukiajiri kwa kubahatisha nusu ya watu wako wanakuwa wazuri. Ukitumia mtihani wenye nguvu ya 0.30 na unachukua 5 tu katika kila 100, wazuri wanapanda kutoka 50 mpaka kama 74. Mtihani ule ule, lakini una waombaji wachache na inabidi uchukue 80 katika 100, wazuri wanakuwa 54, yaani umetoa hela bure. Mitihani hii imezaliwa na umati toka mwanzo, jeshi la Marekani kuanzia mwaka 1917 lilikuwa na vijana wanaoingia kwa wingi kuliko maofisa wa kuwahoji, wakapimwa watu kama milioni 1.7 kwa makundi. Na sisi wa hapa tunaujua umati, nani kasahau Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilipofanya usaili Uwanja wa Taifa pale Dar, watu zaidi ya elfu kumi kwa nafasi 70. Kwa idadi kama hiyo huwezi kukaa na kila mtu, lazima kuwe na chekeche la kwanza. Chekeche lakini linatoa chuya, halikuambii mchele upi ni mtamu, na mshauri wako anataka likufanyie kazi zote mbili.

Kwanini mtihani wa uwezo unatabiri chochote kabisa, wakati hakuna mtu atakayekuja dukani kwako kutafuta umbo linalofuata kwenye mfululizo? Njia yake kubwa ni kujifunza. Mtu anayepata maksi za juu kwenye hivi vitu kwa kawaida anashika kazi mpya haraka, na anayeijua kazi ndo anaifanya vizuri. Akili inapitia kwenye ujuzi. Ndo maana kwenye kazi ngumu zinazobadilikabadilika, programu mpya kila mwaka, taratibu mpya za kodi, mtihani unatabiri vizuri zaidi, na kwenye kazi nyepesi za kurudiarudia unatabiri kidogo. Na ndo maana kwa mtu ambaye ujuzi anao tayari, miaka yote hiyo, kumpima uwezo wa kujifunza ni kuuliza swali ambalo jibu lake liko mbele ya macho yako linahesabu mifuko ya saruji.

Hapo tumefika kwa mzee wako na 14 yake, na naomba nikae hapa kidogo maana hili ndo jambo lenyewe.

Mzee kasoma la saba, kwa Kiswahili. Umempa maswali 60 ya Kiingereza kwenye kompyuta kwa dakika 30, yaani nusu dakika kwa swali, na kusoma kwenyewe kumo humo humo. Ulichopima hapo ni Kiingereza chake, mazoea yake na mausi, na kama amewahi kukaa kwenye mtihani wa kuchagua jibu miaka ya karibuni. Uwezo wake wa kukumbuka nondo za milimita 12 zilizotoka jana ni ngapi na zimebaki wapi haukuguswa kabisa. Na msidhani ni wa la saba tu, vijana wa form four wengi wa kwetu wakipewa mtihani huo huo kwa Kiswahili maksi zao zinapanda, akili ni ile ile, kilichoondoka ni ukuta wa lugha. Kama kazi inahitaji Kiingereza, pima Kiingereza waziwazi uite mtihani wa Kiingereza. Wateja wako Mwanza na Geita wanakuja wanasema "nipe bati geji 30", hawaji na sentensi za kuchambua.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana, wa Robert Serpell, ulichapishwa 1979. Alichukua watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza akawapa kazi ya kunakili maumbo. Kwenye karatasi na penseli Waingereza wakashinda. Kwenye waya, Wazambia wakashinda. Kwenye udongo wa mfinyanzi wakalingana. Aliyekua anatengeneza magari ya waya mtaani anajua kwanini. Sasa jiulize, kama ungekuwa na mtihani wa karatasi tu ungeandika ripoti gani kuhusu watoto wa Zambia? Ungeandika hawawezi kunakili maumbo, na ungekuwa na namba za kuonyesha.

Na kwenye ajira jambo hili lilishafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Kampuni ya umeme ya Duke Power, North Carolina, ilikuwa inawaweka wafanyakazi weusi kwenye idara moja tu ya vibarua yenye mshahara mdogo kuliko zote. Siku sheria ya kukataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, tarehe 2 Julai 1965, kampuni ikaanza kudai mitihani miwili kwa anayetaka kuingia idara nzuri, pamoja na cheti cha sekondari. Mmoja ulikuwa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, unatumika hadi leo. Willie Griggs na wenzake wakaenda mahakamani na mwaka 1971 wakashinda, majaji wote upande mmoja. Kilichoiangusha kampuni ni kwamba haikuweza kuonyesha mitihani hiyo inahusiana vipi na kazi, na kulikuwa na wafanyakazi wazungu wa siku nyingi wasio na cheti wala mtihani wanafanya kazi zile zile vizuri tu na wanapandishwa vyeo. Unaona? Ni wale wale akina mzee wako. Mtu mzuri wa kazi anapofeli mtihani wako, mtihani ndo unatakiwa ujieleze.

Kwahiyo jaribio lako lilikuwa la maana kuliko ulivyodhani. Kabla hujampa mwombaji mtihani wowote wape wafanyakazi wako wazuri kwanza, uwaambie wazi hauhusiani na kazi yao wala mshahara. Kama wazuri wako wanapata 14 na 20, basi kiwango cha kufaulu hakiwezi kuwa 40, ungekuwa unawafukuza watu kama wao mlangoni.

Haya sasa shemeji. "Mtu ukimwona unamjua" ndo imani ngumu kuliko zote kwenye kazi yangu na kila bosi anayo, wengine wanaiita uzoefu. Kwenye zile hesabu za 2022 mazungumzo ya kawaida, yale ya karibu kaa tuongee, unatokea wapi, familia hawajambo, yalipata 0.19, chini ya mtihani. Tunachokipima pale ni nani anaongea vizuri na nani anafanana na sisi. Lakini usaili wenye mpango ulipata 0.42, juu ya kila kitu walichokipima. Ni maongezi yale yale, ila maswali yameandikwa kabla, kila mtu anaulizwa yale yale kwa mpangilio ule ule, na umeshaandika jibu la maksi 5 likoje na la maksi 1 likoje kabla hujamwona mtu yeyote. Kwahiyo shemeji ana hoja ya kwamba mkae na watu, mwambie tu akae na karatasi. Mpe na yeye fomu yake, na wewe yako, kila mtu ajaze bila kumwangalia mwenzake, mlinganishe mwisho. Mkitofautiana sana kwa mtu fulani msigawanye kwa mbili mkaendelea, ulizaneni mmesikia nini.

Maswali yenyewe yawe ya mambo yaliyotokea au yatakayotokea. "Niambie siku uliyofunga hesabu ikapungua, ulifanyaje?" "Lori limefika saa kumi na mbili jioni, dereva ana haraka, mzigo kwenye karatasi ni mifuko 600 na wewe umehesabu 594, unafanyaje?" Ukiuliza "udhaifu wako ni nini" utaambiwa "napenda sana kazi", na wote 214 watakuambia hivyo hivyo.

Lakini kitu ambacho ningekushauri uweke nguvu zaidi ni kipande cha kazi yenyewe. Kwa watunza stoo chukua invoisi ya zamani ya msambazaji, funika majina na bei, weka na karatasi ya mapokezi yenye makosa uliyoyapanda mwenyewe, geji 28 imeandikwa 30, nondo za 16 zimehesabiwa na za 12, mifuko imekosea kujumlishwa, halafu nje weka mzigo mdogo halisi auhesabu. Nusu saa. Umeficha makosa nane, anakuonyesha mangapi, na anadai makosa ambayo hayapo mangapi? Kwa keshia mpe mauzo ya siku ya kutunga, risiti za EFD, malipo ya simu na keshi, na upungufu wa shilingi 3,500 umejificha mahali, aufuatilie. Wa mauzo mletee fundi anayedai mahali fulani kauziwa rahisi, fundi awe mtu wako na awe mbishi kwa kiasi kile kile kwa kila mwombaji, sio wa kwanza anabishiwa kidogo na wa mwisho anapigiwa kelele. Yote kwa Kiswahili. Ni kweli kwenye hesabu mpya njia hii ya kipande cha kazi ilipata 0.33 tu, karibu sawa na mtihani wa uwezo, ila ina faida ambayo namba haionyeshi, mwombaji anaiona ni haki, akikosa anajua kakosa nini, na wewe unapima kitu unachokihitaji Jumatatu. Angalizo moja, inamfaa zaidi aliyewahi kufanya. Kama upo tayari kumfundisha kijana asiyejua kitu, mpe kwanza dakika kumi za kumwelekeza jinsi mnavyofanya, halafu ndo umpime, hapo unaona anavyoshika.

Na hawa 214 je? Usiwaite wote, tafadhali, usipange watu juani na nauli zao za kukopa. Soma maombi kwa vigezo viwili vitatu ambavyo bila hivyo kazi haiwezekani, na digrii isiwe mojawapo kwa mtunza stoo. Ukibaki na labda 80, hapo ndo chekeche linaingia, mtihani mfupi wa hesabu za dukani na kusoma maelekezo, maswali 20, dakika 30 ili kasi isiwe ndo kitu kinachopimwa. Weka kiwango cha chini kwa kuangalia wafanyakazi wako walipata ngapi, aliye juu ya hapo kapita, na maksi zake usiziangalie tena, usipange foleni kwa maksi. Waliopita wakiwa bado wengi kuliko uwezo wako chukua waliotuma mapema au piga kura, nasema kweli, kura ni ya haki kuliko kujidanganya kwamba 17 ni mtu tofauti na 16. Wanaobaki 25 au 30 wafanye kipande cha kazi, na 14 au 15 wakae na nyie kwa usaili. Fanya pale pale mbele ya macho yako, mtihani wa kufanyia nyumbani kwa simu siku hizi unaweza kuwa umempima kaka yake au programu ya akili mnemba. Andaa na matoleo mawili maana kundi la asubuhi likitoka maswali yatakuwa yameshafika kwenye magrupu kabla hujanywa chai. Wasiopita watumie ujumbe, mistari miwili, watu wanakaa miezi wanasubiri simu.

Kuhusu wizi ni hivi, mtihani wa uwezo haupimi uaminifu hata kidogo, mwizi mwenye akili anafaulu vizuri tu. Ipo mitihani ya uaminifu na kwenye tafiti ina nguvu karibu sawa na ya uwezo kwa kutabiri kazi kwa ujumla, lakini mimi kwa duka kama lako nisingeanzia hapo. Ningempigia simu bosi wa zamani, sio namba aliyoandika mwombaji peke yake bali namba ya ofisi uliyoitafuta mwenyewe, nimuulize swali moja, "ungemwajiri tena?" na nisikilize anavyosita. Halafu anayepokea mzigo asiwe ndo anayeandika kwenye daftari, na hesabu ya kushtukiza iwepo. Mtu wa mwaka jana pengine angekuibia hata kama angechaguliwa kwa njia gani, kama njia ya kuibia ilikuwa wazi.

Na ile ya kuwaruka wa juu kabisa kwasababu wataboreka waondoke. Kuna mji Marekani, New London, Connecticut, polisi walimkataa mwombaji kwasababu alipata 33 kwenye Wonderlic na wao walitaka kati ya 20 na 27, wakihofia ataboreka, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema hawajavunja sheria. Kuruhusiwa na kuwa na busara ni vitu viwili. Maksi hazikuambii nani ataondoka. Muulize tu, mshahara huu, muda huu, Jumamosi kazini, inaendana na mipango yako? Nadhani wengi wanaoondoka kabla ya miezi mitatu wameondoka kwasababu walichoambiwa sicho walichokikuta, jichunguze hapo pia.

Mshauri wako usimfukuze, ila kabla hujatoa hela muulize haya uso kwa uso. Huu mtihani una kitabu chake cha maelezo, naweza kukiona? Mtu akiufanya mara mbili maksi zinafanana kiasi gani? Ulijaribiwa kwa watu gani, kuna hata kundi moja la Afrika Mashariki humo? Kuna toleo la Kiswahili lililopimwa, au mtu kalitafsiri juzi? Unahusiana vipi na kazi ya stoo? Akijibu kwa karatasi, ni mtu wa kufanya naye kazi. Akijibu "unatumika dunia nzima" tena, umeshapata jibu. Afrika Kusini sheria yao ya usawa kazini ya 1998 inakataza kabisa kumpima mwombaji kisaikolojia kama mtihani haujathibitishwa kisayansi, hauwezi kutumika kwa haki kwa wote, au una upendeleo. Ya kwetu haiendi kwa undani huo, lakini kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi, hata ule usio wa moja kwa moja, na mwombaji wa kazi naye anahesabiwa humo. Ukiweka kigezo kisichohusiana na kazi halafu kikawa kinawatoa wanawake au wenye ulemavu, unaweza kuitwa ujieleze. Kwahiyo tunza karatasi za maksi na sababu za kila uamuzi. Zitunze kabatini, matokeo ya mtu ni taarifa binafsi na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sio unabandika majina na maksi kwenye grupu la ofisi.

Haya yote unaweza kuyafanya mwenyewe na shemeji na huyo mzee akiwasaidia kutunga makosa ya invoisi. Ila kuna sehemu ambazo jibu la kuandikiana hivi halitoshi. Kama kuna mwombaji asiyeona vizuri, asiyesikia, au mwenye shida ya kusoma, ongea naye kwanza ujue anahitaji muda zaidi au namna nyingine ya kufanya, na ukikwama ona ofisa kazi wa mkoa. Kama utaajiri dereva wa lori au wa foklifti usitumie ushauri wangu huu, hapo kuna leseni, macho na mtihani wa barabarani, tafuta anayejua hayo. Na ukifika mahali biashara imekua unaajiri watu 50 au 100 kwa mwaka, tafuta mwanasaikolojia wa kazi, walimu wa saikolojia kwenye vyuo vikuu wanaweza kukuelekeza, akae siku kadhaa stoo kwako aone kazi, atunge mtihani wa Kiswahili, na afuatilie waliopita mwaka mzima. Ukimwita mtu na akataka kukuuzia mtihani kabla hajaingia stoo, mtafute mwingine.